Barua ya wazi kwa wanaotaka kurudisha katuni za zamani: anzieni masikioni

Bagamoyo

Kwa wakuu wa vituo vya televisheni, Bodi ya Filamu, Ofisi ya Hakimiliki, BAKITA, na wizara yenye dhamana ya utamaduni na sanaa

YAH: KATUNI ZA ZAMANI KWA WATOTO WA SASA

Waheshimiwa,

Mtafuteni mtu yeyote wa miaka arobaini, mpeni kalamu na karatasi, mwambieni achore katuni aliyoipenda utotoni. Atachora masikio mawili na mkia, kisha atakwama. Halafu mwambieni aimbe wimbo wa kufungulia kipindi. Ataimba mpaka mwisho, na pale ambapo hakuwahi kuyaelewa maneno ya Kiingereza ataimba yale aliyojitungia mwenyewe.

Tunaanza na hilo kwa sababu kila linapozuka shauri la kuzirudisha katuni hizo, mazungumzo huanzia kwenye picha: zichorwe upya, rangi ziwe kali, wahusika waonekane kama wanagusika. Fedha huishia huko. Sauti huachwa mkiani, itiwe kwa siku mbili na watu wawili, mmoja akiwa wanaume wote na mwingine wanawake wote. Sisi ni watia sauti, wachoraji na mafundi wa kanda wa mji huu, na tunaomba mpangilio huo ugeuzwe.

Waliotutangulia katika kazi hii wameacha mifano. Mwaka 2024 X-Men '97 iliendeleza katuni iliyoanza 1992. Michoro ilisafishwa, lakini wengi wa waigizaji wa sauti wa awali waliitwa tena na muziki wa kufungulia ukabaki ule ule. Ilipokewa vizuri. The Powerpuff Girls ya 2016 iliwapa wasichana wake watatu sauti mpya, na mashabiki wa zamani wakalilalamikia hilo mapema kabisa. DuckTales ya 1987 iliporudi 2017 ilibadilisha nyuso na karibu sauti zote, ila wimbo ulibaki ule ule ingawa uliimbwa upya, na wazazi walikaa na watoto wao kutazama.

Kwetu kuna tofauti moja kubwa. Sauti za awali za Kiswahili za kurudisha hazipo. Aliyezitazama katuni hizo alizisikia kwa Kiingereza, au alimsikia msimuliaji wa kibanda umiza, yaani chumba cha video cha mtaani, akiwasemea wahusika wote kwa pumzi moja, na huyo msimuliaji, tuseme ukweli, mara nyingi alikuwa mtamu kuliko katuni yenyewe. Kwa hiyo sauti mtakazotia sasa ndizo zitakazokuwa za kwanza. Zikilipuliwa, ndizo mtoto wa leo atakazozikumbuka akiwa na miaka arobaini.

Tuanze na kutia sauti katuni iliyokwisha kuchorwa, maana ndiyo njia ya bei nafuu na ndiyo inayoharibiwa zaidi.

Kazi hiyo huanza kwa kuhesabu silabi. "Run" ni silabi moja. "Kimbia" ni tatu. "Help" ni moja. "Nisaidieni" ni sita. Mdomo wa paka umeshafumba, Kiswahili bado kiko njiani. Mfasiri asiyelijua hili huleta maneno sahihi yasiyoingia, na mtia sauti hulazimika kuyakimbiza hadi yasikike kama mnada. Dawa ni kuandika upya badala ya kufasiri: "Mbio!" badala ya "kimbia", "Nakufa!" badala ya "nisaidieni". Kisha tazameni midomo. Herufi m, b na p hufumba mdomo, na jicho la mtazamaji hulikamata hilo kuliko herufi nyingine zote. Neno la Kiswahili lipangwe ili moja ya herufi hizo iangukie pale pale picha inapofumba. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, mdomo ukiwa wazi, ilhali ya Kiingereza mengi huishia kwa konsonanti. Tofauti hiyo haiondoki kabisa. Hupunguzwa kwa kumaliza neno fremu mbili tatu mapema (fremu ni picha moja moja zinazofuatana kuunda mwendo). Sentensi ndefu zipelekwe pale mhusika alipogeuza mgongo au alipo mbali.

Halafu kuna ukoo. Kiingereza kina "uncle" mmoja. Sisi tuna mjomba, baba mkubwa na baba mdogo, na mtoto wa pwani hawezi kudanganywa hapo. Chukueni hao hao bata wa DuckTales. Mama wa wale watoto watatu ni Della, pacha wa Donald. Kwa hiyo Donald ni mjomba wao, hakuna ubishi. Lakini Scrooge ni kaka wa mama aliyewazaa Della na Donald. Kwa Donald ni mjomba. Kwa watoto ni babu. Wakimwita "mjomba Scrooge" tangu sehemu ya kwanza, siku mama yao atakapotokea atamwitaje? Mchoro wa ukoo wa wahusika wote utengenezwe kabla ya kufasiri ukurasa wa kwanza, ubandikwe ukutani studioni.

Salamu nazo zina mtego wake. Katuni ya Kimarekani mtoto humwambia mzee "hi" na kupita. Kwetu ni shikamoo, na shikamoo isiyoitikiwa ni aibu kwa wote wawili. "Marahaba" ina silabi nne na picha haikuiachia nafasi. Kama mkataba hauruhusu kurefusha picha, na mingi hairuhusu, jibu liwekwe wakati sura ya mzee haiko kwenye fremu. Na kama nafasi haipo kabisa, mtoto asalimie kwa namna isiyodai jibu, kuliko kumwacha mzee kimya kama aliyekasirika.

Nyimbo wasipewe wafasiri peke yao. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: sunGUra, raFIki, nyumBAni. Pigo zito la ngoma likiangukia silabi ya mwisho, neno huvunjika na mtoto hulisikia kama la mgeni. Mwandishi wa wimbo kwanza apige makofi mdundo wa asili, aweke alama penye mapigo mazito, ndipo atafute maneno ambayo mkazo wake unaangukia hapo. Katika mji huu watu wa kuifanya kazi hiyo wapo tele. Chuo cha Sanaa kilichoanza hapa 1981, ambacho leo ni TaSUBa, kimekuwa kikifundisha watu kuimba, kuigiza na kupiga ngoma, mara nyingi mtu mmoja akifanya vyote vitatu.

Jambo moja la lugha tunalisema kwa ukali kidogo. Msimpe fisi lafudhi ya kabila fulani. Ni kichekesho rahisi, kila mtia sauti anakijua, na kila mara adui ndiye anayeongea kama mtu wa bara na shujaa anaongea kama mtangazaji wa redio. Vilevile msiwapeleke wahusika wote kwenye Kiswahili cha taarifa ya habari. Mtoto haongei kwa "hivyo basi". BAKITA mnaweza kusaidia sana hapa kwa kumweka mtu studioni siku ya kurekodi. Hati iliyorudishwa na wino mwekundu baada ya wiki tatu humkuta mwigizaji ameshaondoka.

Mkinunua haki ya kutia sauti, ulizeni kabla ya kulipa kama mwenye mali anayo traki ya muziki na vishindo peke yake, bila maneno. Bila hiyo, fundi atalazimika kuishusha sauti yote ya awali kila mtu anapoongea. Muziki utazama na kuibuka, kuzama na kuibuka, na chini yake Kiingereza kitasikika kikinong'ona. Hiyo ndiyo alama ya kazi mbovu hata kwa asiyejua kwa nini imemkera. Ulizeni pia kasi. Filamu nyingi za katuni zilipigwa kwa fremu 24 kwa sekunde. Televisheni yetu hutumia 25, na nakala za zamani za soko hili ziliharakishwa kwa asilimia 4 ili zilingane. Kipindi cha dakika 11 hupungua sekunde 26 hivi, na sauti hupanda karibu robo tatu ya nusu-toni. Mkirekodi Kiswahili juu ya nakala hiyo, kisha mwenye mali akawaletea nakala safi ya fremu 24, sauti itaachana na picha kwa sekunde moja katika kila sekunde 25. Ndipo mtu hulaumu kompyuta.

Njia ya pili ni kutengeneza upya, na hapo ndipo sauti inapaswa kutangulia kwa maana halisi: irekodiwe kwanza, ndipo mkono wa mchoraji uifuate. Hesabu yake ni hii. Dakika 11 kwa fremu 25 ni fremu 16,500. Hata mkichora mchoro mmoja kwa kila fremu mbili ni michoro 8,250. Kwa vikaragosi vya kompyuta, ambavyo kichwa, kiwiko na goti ni vipande vinavyosogezwa bila kuchorwa upya, mchoraji mzoefu hutoa kati ya sekunde 10 na 20 kwa siku. Tukishika 15, kipindi kimoja ni siku 44 za mtu mmoja, yaani wachoraji wanne kwa siku 11. Kubadili mstari wa sekunde tano uliokwisha kuchorwa kunakula theluthi ya siku. Kuubadili kabla ya kuchorwa ni kurudi kwenye maiki na kusema tena.

Kiswahili kikitangulia, midomo tisa inatosha: mitano ya irabu, mmoja uliofumba wa m, b na p, mmoja wa meno juu ya mdomo kwa f na v, mmoja wa ulimi nyuma ya meno kwa l, n, t na d, na mmoja uliopumzika. Programu nyingi za kulinganisha midomo zimefundishwa Kiingereza na hubabaika zikikutana na "ng'ombe", lakini kwa kuwa sisi hutamka tunavyoandika, kuipanga kwa mkono si kazi ya kutisha. Programu za kuchorea za bure zipo: Krita, Blender, OpenToonz. Leseni ghali isiwe kisingizio.

Mtoto wa kiume asitiwe sauti na mtoto wa kiume. Mfululizo wa sehemu 26 unaweza kuchukua mwaka na nusu. Mvulana wa miaka 12 atabalehe katikati na sauti itavunjika kabla hadithi haijaisha. Bart Simpson, mvulana wa katuni ya The Simpsons, ametiwa sauti na mwanamke, Nancy Cartwright, tangu 1987, na bado ana miaka kumi. Wanawake wenye uwezo huo tunao.

Kuhusu chumba, hapahitajiki jengo jipya. Nyumba za kale za Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe, zina kuta nene zinazozuia bodaboda na bahari. Ubaya wake ni kwamba lipu ngumu huirudisha sauti kama kisimani. Magodoro manne ya sponji yakisimamishwa pande nne za mtia sauti, zulia chini na blanketi nzito juu, mwangwi unakufa. Maiki iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi ya "p" isiipige. Rekodini kwa kilohezi 48 na biti 24. Feni izimwe, kiyoyozi kizimwe, friji ya jirani kama ikiwezekana. Mwigizaji apumzike kila dakika 20 maana kutakuwa na joto. Mwisho wa kila kikao rekodini sekunde 30 za ukimya wa chumba hicho hicho; bila huo mhariri hana cha kujazia mapengo, na kila pengo husikika kama mlango uliofungwa ghafla. Chini ya bati msirekodi wakati wa masika. Ratiba izingatie adhana, ambayo haifutiki kwenye rekodi na hakuna sababu ya kutaka kuifuta.

Sasa kanda. Vipindi vya watoto vilivyotengenezwa nchini miaka ya nyuma, kama bado vipo, viko kwenye VHS, U-matic na Betacam zilizopangwa makabatini. Pwani hii kanda huzeeka upesi. Unyevu hula gundi inayoshikilia chembe za sumaku, gundi hunata, na kanda ikipita mashineni hulia na kuacha ute wa kahawia kwenye vichwa vya kusomea kanda. Ikilia, isimamisheni hapo hapo. Kanda ya namna hiyo hukaushwa kwa joto la nyuzi 54 hivi za Selsiasi kwa saa 8 au zaidi, ndani ya kifaa chenye kipimajoto cha kuaminika. Oveni ya keki haifai. Ikikauka itachezeka kwa wiki chache tu, kwa hiyo mashine ya kunakilia iwe tayari kabla ya kuanza kukausha. Yenye kuvu ni habari nyingine: ikichezwa, vichwa huchafuka na kila kanda inayofuata hupokea. Itengwe, ikaushwe, ifutwe nje ya jengo na mtu aliyevaa barakoa.

Kati ya mashine na kompyuta pawepo kifaa cha kunyoosha mawimbi ya picha, ambacho mafundi hukiita TBC (na si shirika la utangazaji). Bila hicho, mistari iliyonyooka huyumba kama majani ya mnazi. Nakala kuu isibanwe kwa kupoteza chochote. Saa moja bila kubanwa hula karibu gigabaiti 100, na mfumo wa FFV1 huipunguza sana bila kuondoa hata nukta. Wekeni nakala tatu, moja nje ya jengo. Kisha, na hapa ndipo wengi huteleza, msikimbilie programu za akili bandia za kukuza picha. Picha ya kanda imefumwa kwa mistari ya witiri na shufwa, mara 50 kwa sekunde. Ikikuzwa kabla ya kufumuliwa, kila kiungo kinachosogea hutoka na meno kama chanuo, na baada ya hapo hayang'oki. Wala msiinyooshe ijae kwenye televisheni pana: upana ukivutwa, twiga anakuwa kiboko, picha ikikatwa juu na chini, robo yake inakwenda, na mara nyingi humo ndimo ilimokuwa miguu ya mchezaji ngoma. Pembeni paachwe peusi.

Haki tutazisema kwa ufupi, ingawa bila hizo yote ya juu ni bure. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 hulinda kazi ya mtunzi kwa uhai wake na miaka 50 zaidi, na filamu kwa miaka 50 tangu itolewe, kwa hiyo karibu kila katuni ya miaka ya 1980 na 1990 ina mwenyewe. Ruhusa ya kurusha si ruhusa ya kutia sauti, na ruhusa ya kutia sauti si ruhusa ya kuchora upya. Msipumbazwe na habari kwamba Mickey Mouse, panya wa Steamboat Willie, aliachiwa huru Marekani tarehe 1 Januari 2024: aliyeachiwa ni yule wa 1928, na alama za biashara za kampuni ziko pale pale. Kwa kazi za hapa nchini, tafuteni si mwandishi peke yake bali na mpiga muziki na waliotoa sauti. Wengi walilipwa mkononi bila karatasi, na bila saini zao au za warithi wao hamtauza hata Nairobi.

Sungura na Fisi hawana mwenyewe. Hilo ndilo tungependelea mlifikirie kwanza. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, aliacha mtindo wa uchoraji uliozaliwa Dar es Salaam. Mwaka 2010 Tinga Tinga Tales, iliyochorwa Nairobi kwa mtindo huo, ikaanza kuonyeshwa Uingereza, na wanyama wakaongea Kiingereza. Kazi ni nzuri, hatuna neno nayo. Ila picha zetu zilifika kabla ya lugha yetu. Na kwamba inawezekana hapa hapa, Ubongo Kids wameshaonyesha kutoka Dar es Salaam tangu 2014.

Bodi ya Filamu, kuna kitu kimoja cha kukagua ambacho hakihusiani na maadili. Tarehe 16 Desemba 1997 kipindi kimoja cha Pokémon huko Japani kilimulika nyekundu na buluu kwa kasi, na watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali. Tangu hapo kanuni inayofuatwa ni mwako usiozidi mara tatu kwa sekunde. Katuni za zamani zimejaa radi na milipuko iliyochorwa kabla ya kanuni hiyo. Kila moja ihesabiwe fremu kwa fremu, na inayozidi ipunguzwe mwanga. Utundu wa Sungura mwacheni. Sungura aliyefundishwa adabu hana hadithi.

Saa ya kurusha. Ratiba nyingi huweka katuni saa 10 jioni, na saa 10 jioni watoto wengi wa Bagamoyo, Pangani na Tanga wako madrasa. Jumamosi asubuhi madrasa nyingi zina darasa, Jumapili asubuhi wengine wako kanisani. Saa 1 usiku, baada ya magharibi na kabla ya taarifa ya habari, nyumba nzima imekaa, na ndiyo saa ambayo bibi angesema "paukwa". Sehemu hiyo hiyo irudiwe kesho yake, kwa sababu umeme hukatika. Mtandaoni wekeni pia nakala ndogo ya mistari 360, ambayo mzazi wa bando la siku anaweza kuimudu.

Bajeti itachukua muda, tunajua. Lakini kuna kazi isiyongoja bajeti. Mwenye ufunguo wa stoo ya kanda apewe daftari na wiki mbili. Kila kanda iandikwe aina yake, jina la kipindi, mwaka ulioandikwa pembeni, na hali: kavu, inanata, ina kuvu. Zisimamishwe wima, zisilazwe, rafu ya chini iinuliwe kutoka sakafuni. Kopo la filamu likifunguliwa na kunuka siki liwekwe chumba cha peke yake siku hiyo hiyo, maana harufu hiyo huambukiza mengine.

Wenu,
Watia sauti, wachoraji na mafundi wa kanda
Bagamoyo